"Gari Ipo Njiani": Kuuza Kisichokuwepo, kutoka Yadi za Dar es Salaam hadi Mpunga wa Malinyi

Sifa zote njema zinamstahikia Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Suala la gari zinazotangazwa kabla ya kuwa mikononi mwa mwenye kuzitangaza limetufikia mara nyingi, na mara nyingi tumelijibu kwa ufupi. Sasa tunaona ufupi hautoshi. Safari hii muulizaji ni ndugu yetu mwenye asili ya Wete, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akinunua mpunga Malinyi, mkoani Morogoro, anaukoboa Ifakara na kuuleta mchele Unguja na Pemba. Familia yake iko kisiwani, kazi yake iko bara. Alichoka kukodi gari za watu kila msimu, akaamua kununua kenta yake mwenyewe.

Aliiona kwenye simu. Picha nane, gari nyeupe, bodi refu, bei milioni 36, na maneno ambayo kila mmoja wetu ameshayasoma: gari ipo, wahi kabla haijachukuliwa. Alipopiga simu aliambiwa gari ipo njiani, inakaribia bandari ya Dar es Salaam, na wateja watatu wanaigombea. Akatuma arbuni ya milioni 12 siku ile ile. Baada ya wiki sita akaambiwa meli imechelewa. Baada ya miezi mitatu akaambiwa dola imepanda, aongeze milioni 4. Alipokwenda mwenyewe Dar es Salaam kwenye yadi aliyoelekezwa, alikuta gari nyingine, za rangi nyingine, na kijana aliyemwambia kwa upole kabisa kwamba ile ya kwenye picha ilikwisha uzwa huko huko Japani, ila ipo nyingine "kama ile ile" kwa milioni 41. Akitaka arbuni yake, atakatwa asilimia 30 kwa gharama za ofisi.

Anauliza mambo mawili. Je, mauzo yale yalisihi? Na je, ile asilimia 30 ni halali kwa mwenye yadi?

Kabla ya kujibu, tuitazame biashara yenyewe inavyokwenda, kwa sababu mwenye kutoa fat-wa juu ya kitu asichokijua ni hatari kuliko muuzaji mwenyewe.

Tanzania ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa gari zilizotumika kutoka Japani. Gari huko Japani hupita kwenye minada. Kampuni inayosafirisha nje hununua mnadani na kuiweka kwenye tovuti yake pamoja na bei, namba ya chasisi, kilomita na picha. Mtu wa Zanzibar au wa Mwanza anaweza kuinunua moja kwa moja kwa kutuma fedha benki, na baada ya wiki kadhaa za safari meli huishusha. Hadi hapo hakuna tatizo kubwa: mwenye gari ni kampuni ile, anauza chake.

Tatizo linaanzia kwa mtu wa katikati. Yeye hana gari, na mara nyingi hana hata mtaji wa gari. Anachukua picha zilezile za tovuti ya Japani, anafuta jina la kampuni, anaweka namba yake ya simu, anaongeza milioni tano au sita, kisha anatangaza kana kwamba gari imeegeshwa uani kwake. Mteja akituma arbuni, ndipo anapokimbilia kuinunua. Akiikuta bado ipo, mteja hatajua kamwe kilichopita na wote wataondoka wakicheka. Akiikuta imeuzwa, ndipo huanza hadithi za meli na za dola. Wapo pia wanaotangaza gari ambayo bado iko mnadani Japani, haijulikani nani ataipata wala kwa bei gani. Na wapo, hawa ndio wabaya zaidi, wanaotumia arbuni ya mteja wa leo kumlipia gari mteja wa mwezi uliopita. Huyo ameshakuwa na deni linalozunguka, na siku wateja wapya wakipungua, wa mwisho ndio watakaolia.

Tuwe waadilifu: hadithi ya dola si uongo siku zote. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kwenye shilingi 2,300 hivi, na katika 2024 ilifika karibu 2,700. Aliyepokea bei ya shilingi kwa gari atakayoilipia kwa dola miezi miwili baadaye aliumia kweli. Vilevile gari iliyopita umri hutozwa ushuru wa ziada bandarini, na muuzaji mzembe asiyetazama mwaka wa kutengenezwa hushituka mzigo ukishafika, ingawa TRA wameweka kikokotoo cha kodi za gari zilizotumika ambacho mtu yeyote anaweza kukifungua. Lakini tazama vizuri hasara hiyo inaangukia wapi. Muuzaji alitangaza faida kama mwenye mali, na hatari ilipotokea akamgeuzia mnunuzi kama wakala tu. Jambo hili ndilo sheria yetu ilikuja kulizuia.

Msingi wa mas-ala haya ni hadithi ya Hakim bin Hizam (R.A.), mtoto wa kaka yake Bibi Khadija (R.A.A.), mfanyabiashara aliyezijua biashara za Makka tangu enzi za ujahiliya. Alimueleza Mtume (S.A.W.) kwamba watu humjia wakitaka kununua kitu ambacho hana, naye huwauzia kisha akaenda sokoni kukinunua na kuwapa. Mtume (S.A.W.) akamkataza kuuza asichokuwa nacho. Hadithi hii wameipokea Abu Daud, Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah. Hebu msomaji alitazame suala la Hakim kwa makini: ni biashara ile ile ya kijana wa yadi, isipokuwa simu tu. Hakim hakuwa tapeli. Alikuwa mtu mwaminifu, na aliuliza juu ya biashara iliyokuwa ikiishia vizuri mara nyingi. Na bado akakatazwa.

Ipo hadithi nyingine, ya Abdullah bin Amr (R.A.), ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) alikataza pia faida ya kitu ambacho mtu hakijaingia katika dhamana yake. Maana yake kwa lugha ya mtaani: ukitaka kula faida ya gari, basi gari ikizama baharini iwe imezama ni yako. Kama ikizama inazama kwa mteja, faida hiyo unaila kwa haki ipi? Na imesihi kutoka kwa Zaid bin Thabit (R.A.) kwamba bidhaa zimekatazwa kuuzwa pale pale zinaponunuliwa mpaka wafanyabiashara wazihamishie kwenye sehemu zao. Ibn Abbas (R.A.), alipopokea katazo la kuuza chakula kabla ya kukipokea, alisema anaona kila kitu kiko hivyo hivyo. Kauli hiyo ndiyo aliyoichukua Imamu Shafi'i, na ndiyo tuliyosomeshwa vyuoni. Imamu Malik analiweka katazo hilo zaidi kwenye chakula.

Katika madhehebu yetu mtu anayeuza mali ya mwenziwe bila ya idhini huitwa fudhuli, na kwa kauli mpya ya Shafi'i mauzo yake ni batili tangu mwanzo. Mahanafi na Mamaliki wanasema yanasubiri ridhaa ya mwenye mali. Hata tukichukua kauli yao nyepesi, kampuni ya Japani haijui kama kuna mtu Malinyi aliyeuziwa gari yake, kwa hivyo hakuna ridhaa ya kusubiriwa.

Wapo wanaotuambia: masheikh, mbona mnaruhusu salam? Na salam si kuuza kisichokuwepo? Suala hili ni la haki, na hapa ndipo mpunga wa Malinyi unapoingia.

Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla. Hakuwazuia. Aliwaamrisha kipimo kiwe kinajulikana, uzito unajulikana na muda unajulikana, kama alivyopokea Ibn Abbas (R.A.) katika Bukhari na Muslim. Salam imeruhusiwa kwa ajili ya mkulima, anayehitaji fedha ya kulimia leo na mali yake itakuja kesho. Lakini imefungwa kwa masharti. Bei yote ilipwe pale pale kwenye kikao cha mkataba, si arbuni. Kinachouzwa kiwe ni kitu cha sifa kilicho katika dhima ya muuzaji, si kitu maalumu kinachoonyeshwa kwa kidole. Sifa zake ziweze kudhibitiwa kiasi kwamba wawili wasigombane wakati wa kupokea. Na kiwe ni kitu kinachopatikana kwa kawaida muda utakapofika.

Mchele unaingia humo bila taabu. Ukisema kilo elfu moja za mpunga wa SARO 5, mkavu, uliopepetwa, upokelewe Malinyi mjini mwisho wa Julai, watu wote wa bonde la Kilombero wanajua unachokisema, na ukikosekana kwa mkulima huyu utapatikana kwa jirani yake. Gari iliyotumika haiingii. Hakuna kenta mbili zilizotumika zinazofanana: hii imebeba samaki miaka kumi, ile imebeba magodoro, hii kilomita zake ni za kweli, ile zimerudishwa nyuma. Ukisema "kenta nyeupe ya mwaka fulani" hujadhibiti chochote. Na ukisema "hii ya kwenye picha, chasisi namba kadha", umeshatoka kwenye dhima na kuingia kwenye kitu maalumu, ambacho salam haikikubali. Gari mpya ya kiwandani mas-ala yake ni mengine, kwani hiyo hutengenezwa kwa maelfu kwa sifa moja.

Kwa hivyo mkataba wa ndugu yetu haukuwa salam, kwa sababu bei haikulipwa yote na kitu hakikuwa cha dhima. Haukuwa mauzo ya mali iliyopo, kwa sababu muuzaji hakuimiliki. Tunaona mkataba huo ni batili, na mkataba batili hauhamishi milki ya gari kwenda kwa mnunuzi wala milki ya fedha kwenda kwa muuzaji.

Arbuni yenyewe ina maneno yake. Kiswahili chetu kimelichukua neno hili kutoka kwenye fiqhi ya Kiarabu, na tunalo jengine, kurubuni. Kama maneno haya ni ndugu wa damu watatuambia wataalamu wa lugha, lakini sokoni yamekwisha kuoana. Jamhuri ya wanavyuoni, wakiwemo Mashafi'i, wanakataza arbuni ya kupotea mnunuzi akighairi. Imamu Ahmad aliiruhusu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha Brunei mwezi Juni 1993, lilichukua kauli ya Imamu Ahmad kwa sharti la kuwepo muda maalumu wa kusubiri. Sisi hatumlaumu mfanyabiashara mwenye yadi ya kweli anayefuata kauli hiyo, kwani gari yake imesimama, amewazuia wateja wengine, na mnunuzi ndiye aliyeghairi. Lakini hata kwa kauli hiyo pana zaidi, arbuni hubakia kwa muuzaji pale mnunuzi anapoacha kununua. Hapa mnunuzi hakuacha. Muuzaji ndiye asiyekuwa na cha kuuza. Milioni 12 zote zinarudi, bila ya kukatwa hata shilingi mia. Gharama za ofisi ni za mwenye ofisi.

Kama mwenye yadi kweli hana fedha hizo leo, ndugu yetu ampe muda, na ayaandike makubaliano hayo mbele ya mashahidi. Kama anazo na anazizuia, huyo ni mwenye uwezo anayechelewesha haki ya mtu, na kumshitaki si kuvunja undugu. Watu wa visiwani hukimbilia kwa Kadhi kwa mazoea, lakini Mahakama ya Kadhi Zanzibar husikiliza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na mfano wake, si mikataba ya gari. Na bara hakuna mahakama ya kadhi ya kiserikali. Bara kuna Tume ya Ushindani, inayosimamia sheria ya 2003 inayokataza matangazo ya kupotosha. Zanzibar kuna Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Na kuna mahakama za kawaida. Meseji, sauti na picha za tangazo zisifutwe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaziruhusu kutumika kama ushahidi bara, zikithibitishwa kuwa ni za kweli.

Tuongeze kwa ufupi kwamba sheria ya mauzo ya bidhaa tuliyorithi kutoka kwa Waingereza, yenye asili ya sheria yao ya 1893, inaruhusu watu wawili kukubaliana juu ya bidhaa ambayo muuzaji ataipata baadaye. Kwa hivyo wakili anaweza kumwambia mwenye yadi kwamba hana kosa kwa kutokuwa na gari siku ya mkataba. Kosa lake kwa sheria hiyo litakuwa uongo wa tangazo na kushindwa kuleta gari. Sheria ya Mwenyezi Mungu imeanza mapema zaidi: imeziba tundu kabla panya hajaingia. Waingereza wenyewe, kwa kanuni zao za 2008, walikuja kukataza mfanyabiashara kutangaza kwa bei fulani bidhaa ambayo anajua hataweza kuitoa.

Sasa tunarudi Malinyi, kwa sababu muulizaji wetu, Allah amlipe kwa ukweli wake, alituandikia jambo jengine bila ya kuulizwa. Alisema alikuwa na haraka ya gari kwa sababu ameshamuuzia mwenye duka mmoja wa Darajani magunia mia ya mchele, amechukua nusu ya fedha, na mpunga bado uko mashambani kwa watu.

Wasomaji wetu wengi hawajafika bonde hilo. Kutoka Ifakara unavuka Mto Kilombero kwa Daraja la Magufuli, lililozinduliwa 2018 (kabla yake ilikuwa kivuko), unafika Lupiro, kisha unakata kuelekea Mtimbira na Malinyi. Wilaya yenyewe ilikatwa kutoka Ulanga mwaka 2015. Ni nchi ya mpunga, Wandamba na Wapogoro, na siku hizi Wasukuma na ng'ombe wao. Masika yakikaza mto hupanda kwenye mabonde na barabara hugeuka tope, na ndio miezi hiyo hiyo ambayo mkulima amekwisha maliza akiba, anahitaji fedha ya palizi na ya ada ya skuli. Ndipo anapotokea mwenye fedha: chukua elfu arubaini leo, utanipa gunia moja wakati wa mavuno. Gunia ambalo mavunoni litauzwa mara mbili ya hapo. Kagera walikuwa na jina lake kwenye kahawa, wakiita butura. Bonde la Kilombero jambo lenyewe lipo kwenye mpunga.

Je, hiyo ni salam halali? Kwa umbo inaweza kuwa. Fedha imelipwa yote, muda unajulikana. Bei kuwa ndogo peke yake haibatilishi. Lakini mara nyingi inaharibika kwa mambo matatu, na ndugu zetu wanaonunua huko wayasikie vizuri. Kwanza, gunia. Gunia la lumbesa, lililoshonewa kichwa juu, si kipimo kinachojulikana; ni dhulma, na Wakala wa Vipimo wameipiga vita miaka mingi. Mtume (S.A.W.) alisema kipimo, basi iwe kilo kwenye mizani. Pili, kusema "mpunga wa shamba lako lile la mtoni". Shamba likichukuliwa na mafuriko mkataba umekufa na ugomvi umezaliwa. Salam haifungwi kwenye shamba moja. Tatu, na hili ndilo linalotutisha zaidi, mkulima akikosa mavuno huambiwa gunia moja la mwaka huu liwe mawili mwakani. Hiyo ni riba ile ile iliyokuwa ikiliwa na watu wa ujahiliya, imevaa nguo ya mpunga. Na hata ukiyaepuka yote matatu, anayemsubiri mwenziwe afike kwenye dhiki ndipo amnunulie kwa nusu bei, wanavyuoni wamemchukia hata pale waliposahihisha mkataba wake. Tunawajua wafanyabiashara wa Kipemba wanaowalipa wakulima bei ya kati na kati mwezi wa Februari na bado wanapata faida nzuri. Wakulima huwangoja wao kila mwaka.

Ama magunia mia ya mwenye duka wa Darajani, hapa muulizaji amesimama mahali pale pale alipo kijana wa yadi. Ameuza mchele ambao haujaingia mikononi mwake, kwa nusu ya fedha. Katika madhehebu yetu aliyenunua kwa salam hawezi kukiuza kitu hicho hicho kabla hajakipokea. Lakini yeye anayo njia ambayo kijana wa yadi hana, kwa sababu mchele ni kitu cha sifa. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wameikubali salam mbili zinazokwenda sambamba: yeye na mkulima mkataba mmoja, yeye na mwenye duka mkataba wa pili, usiotegemea ule wa kwanza hata kwa neno moja. Mwenye duka alipe bei yote, sifa na uzito na siku viandikwe, na mkulima akishindwa, yeye muulizaji ataingia sokoni Ifakara au popote anunue mchele wa sifa ile na kuutimiza. Kama yuko tayari kubeba hatari hiyo, na airekebishe kwa mkataba mpya leo. Kama hayuko tayari, amrudishie mwenye duka nusu yake, na amuuzie mchele ukishafika ghalani kwake. Tumemuandikia hivyo, naye amechagua kumrudishia.

Kwa wenye yadi njia za halali pia zipo, wala hazina uzito wa kumfilisi mtu.

Ya kwanza na nyepesi ni uwakala. Aseme wazi: mimi sina gari, ninakuagizia. Mteja achague gari kwenye tovuti ya kampuni, fedha ya gari iende kwa kampuni kwa jina la mteja, hati ya shehena itoke kwa jina la mteja, na wakala achukue ujira unaojulikana, laki tano au milioni moja, kwa kazi yake ya kuagiza, kulipia ushuru na kusajili. Dola ikipanda ni ya mteja, na ikishuka ni ya mteja pia. Tunajua kwa nini wengi hawaipendi njia hii: mteja ataiona bei ya Japani. Lakini mwenye kuona haya mteja kuijua faida yake, faida hiyo imemshinda yeye mwenyewe kuitetea.

Ya pili ni ahadi. Mteja anaahidi kununua, muuzaji anainunua gari kwa mtaji wake, anaimiliki, ikiharibika njiani ni hasara yake, kisha ikifika wanafanya mkataba wa mauzo. Ndiyo murabaha wanayoifanya Amana Bank na kitengo cha Kiislamu cha PBZ. Baraza la Fiqhi katika kikao chake cha Kuwait mwezi Disemba 1988 lilisema ahadi hiyo inaweza kumlazimu mmoja wao, lakini isiwafunge wote wawili pamoja, kwani ikiwafunga wote imekuwa ni mauzo yale yale yaliyokatazwa kwa jina jengine. Mteja akivunja ahadi na muuzaji ameshaingia gharama, atafidia hasara halisi tu. Si asilimia 30 ya kukisia.

Na mwenye yadi ambaye gari yake ni yake kweli, ameshailipia na hati anayo, lakini bado iko melini? Mashafi'i kwa kauli yenye nguvu hawasihishi kuuza kitu maalumu kisichoonekana. Mahanafi wanaruhusu, na mnunuzi ana hiari ya kuikataa akiiona. Na Baraza la Fiqhi mwaka 1990 limekubali kwamba kupokea kunaweza kuwa kwa hukumu, si kwa mkono tu. Kwa ugumu wa maisha ya visiwa vyetu, ambapo karibu kila gari huja kwa bahari, tunaona hakuna ubaya kuichukua kauli ya Mahanafi, kwa masharti mawili: tangazo liseme gari iko melini na si uani, na mnunuzi akiiona bandarini akaikataa arejeshewe fedha yake yote.

Familia inayotaka kununua iulize mambo machache kabla ya kutuma chochote. Gari ni ya nani leo? Hati iko kwa jina la nani? Namba ya chasisi ni ipi, na karatasi ya mnada iko wapi? Nikiikataa, fedha yangu inarudi siku gani? Muuzaji mkweli hujibu maswali haya kwa dakika tano. Anayekasirika ameshajibu. Na fedha isitumwe usiku ule ule eti kwa sababu wateja watatu wanaigombea. Hao watatu hatujawahi kukutana nao.

Limebaki suala la vijana wetu, nao ni wengi, wa Mwanakwerekwe na Chake Chake, wasiokuwa na yadi wala mtaji, wanaoweka picha za gari kwenye simu zao na kula kamisheni. Mama mmoja ametuuliza kama aendelee kupokea fedha ya chakula anayotumiwa na mwanawe kutokana na kazi hiyo. Udalali asili yake ni halali. Imamu Bukhari ana mlango maalumu wa ujira wa dalali, na ametaja ndani yake kwamba Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya. Kijana akitangaza gari kwa idhini ya mwenyewe, akasema yeye ni dalali, na kamisheni yake ikajulikana, pato lake ni safi. "Cha juu" anachokiongeza bila ya mwenye gari kujua ni khiana kwa aliyemuamini. Mwenye gari akimwambia uza kwa milioni 20 na inayozidi ni yako, Ibn Abbas na Ibn Sirin wameiruhusu, na Mashafi'i wanaona ujira huo haujulikani. Tunamshauri kijana akubaliane kwa kiwango maalumu ili atoke kwenye khilafu. Ama akichukua picha za watu na kupokea arbuni ya gari asiyoijua iko wapi, fedha hiyo si yake, ni amana ya aliyeituma, na lazima irudi kwa mwenyewe.

Mama huyo na amuulize mwanawe anafanya ipi kati ya hizo. Akimwambia ni ya kwanza, apokee na amuombee dua. Akimwambia ni ya pili, asipokee mpaka fedha za watu zirudi. Na kama hamjui mwanawe anafanya ipi, si wajibu wake kuchunguza simu yake; asili ya anachompa mtoto ni halali mpaka ijulikane vyengine.

Wallahu a'alam.